Kunyoosha na kupinda upinde kwa joto

Kunyoosha na kupinda upinde kwa joto ni mbinu ya kutumia moto, mvuke au hewa ya moto ili kulainisha mti wa upinde kwa muda mfupi, kuuweka katika umbo linalotakiwa, kisha kuuacha upoe ukiwa umebanwa katika umbo hilo. Hutumiwa na mafundi wa pinde za mkono, hasa pinde zinazochongwa kutoka kipande kimoja cha mti.

Joto hufanya kazi tatu kuu katika utengenezaji wa upinde. Kwanza, huondoa kasoro za asili za mti, kama vile kupinda upande na kusokotwa. Pili, huupa upinde mpindo uliokusudiwa, kwa mfano ncha zinazoelekea mbele. Tatu, hugumisha upande wa ndani wa upinde ili usilegee upesi. Kazi hizo zinafanana kwa kutazama, lakini kila moja inataka aina yake ya joto. Upinde mwingi uliovunjika baada ya kupashwa moto haukuharibiwa na moto wenyewe, bali na joto lisilofaa kazi hiyo au na fundi aliyeuvuta kabla haujapumzika.

## Sehemu za upinde

Sehemu ya katikati inayoshikwa na mpiga mshale huitwa mshiko. Kutoka hapo hutoka mikono miwili ya upinde, kila mmoja ukiishia kwenye ncha yenye pengo dogo la kushikia upote (au ugwe), yaani kamba ya upinde.

Upande unaoelekea shabaha huitwa mgongo, na upande unaomwelekea mpiga mshale huitwa tumbo. Upinde unapovutwa, mgongo huvutika na tumbo hubanwa. Mti mkavu kwa kawaida hustahimili kuvutwa kuliko kubanwa, mara nyingi karibu maradufu. Kwa hiyo tumbo ndilo huchoka kwanza, na upinde hubaki na mpindo hata upote ukiondolewa. Mgongo nao ukishindwa, upinde huvunjika ghafla.

## Sababu za kutumia joto

Miti michache hukua ikiwa imenyooka kabisa. Shina huzunguka vifundo vya matawi, hufuata mwanga, na pengine hujisokota kadiri linavyokua. Kipande cha mti kinachopasuliwa kwa kabari hufuata nyuzi za mti, kwa hiyo huonyesha mipindo hiyo yote.

Mkono wa upinde ukiegemea upande mmoja, upote haupiti katikati ya mshiko. Upinde wa namna hiyo hujipindua mkononi unapovutwa. Kasoro ikiwa kubwa, mkono unaweza kugeuka na upote ukatoka kwenye pengo lake.

Fundi ana njia mbili za kuondoa kasoro hiyo: kukata au kupinda. Kukata ni rahisi, lakini kuna gharama yake. Msumeno unaopita kwa mstari ulionyooka katika mti uliopinda hukata nyuzi katikati, na nyuzi hizo huishia pembeni au mgongoni mwa upinde. Mahali nyuzi zinapokatika mgongoni ndipo ufa huanzia upinde unapovutwa. Joto humwezesha fundi kubadilisha umbo huku nyuzi zikibaki nzima kutoka ncha hadi ncha.

Sababu nyingine ni unene. Ugumu wa mkono wa upinde hulingana na upana wake, lakini hulingana na kipeo cha tatu cha unene wake. Mkono ukipunguzwa upana kwa asilimia 10, ugumu hupungua kwa asilimia 10. Ukipunguzwa unene kwa asilimia 10, ugumu hupungua kwa takriban asilimia 27. Kwa sababu hiyo fundi hana mti wa ziada wa kupoteza kwa ajili ya kunyoosha.

Hata hivyo, si kila mpindo ni kasoro. Upinde unaweza kuwa na mawimbi mengi na bado ukapiga vizuri, mradi upote unapita katikati ya mshiko na mikono yote miwili inajikunja sawasawa.

## Jinsi joto linavyolainisha mti

Mti umeundwa hasa na vitu vitatu: selulosi, hemiselulosi na lignini. Selulosi ni nyuzi ndefu zenye nguvu. Lignini huzunguka nyuzi hizo na kuzishikanisha. Muundo huo unaweza kulinganishwa na zege lenye nondo: selulosi ni kama nondo, na lignini ni kama saruji inayozishika mahali pake.

Tofauti na saruji, lignini hulainika inapopata joto. Ndani ya mti wenye unyevu, huanza kulainika kabla ya kufika 100 °C. Ndani ya mti mkavu huhitaji joto kubwa zaidi, kuanzia takriban 130 °C. Ikilainika, nyuzi za selulosi zinaweza kuteleza kidogo zikipitana. Mti ukipoa katika umbo jipya, lignini hukakamaa tena na nyuzi hubaki pale zilipo.

Mti ni kipitishi hafifu cha joto. Ndiyo maana mpini wa mwiko hauunguzi mkono wakati chakula kinachemka sufuriani. Kwa upinde, hii ina maana kwamba uso wa mti unaweza kuungua kabla kiini chake hakijapata joto la kutosha. Kwa hiyo kazi hufanywa taratibu.

Mti uliolainika haubadiliki sawa pande zote. Ukipashwa kwa mvuke, unaweza kubanwa na kufupishwa kwa zaidi ya asilimia 20 upande wa ndani wa mpindo bila kukatika. Upande wa nje hauwezi kurefushwa zaidi ya asilimia 1 au 2. Michael Thonet, seremala aliyezaliwa mwaka 1796 huko Boppard, Ujerumani, alikabiliana na tatizo hilo katika kupinda mbao za viti. Alifunga bamba la chuma upande wa nje wa ubao ili mti ubanwe badala ya kuvutika. Kiti chake namba 14, kilichotolewa mwaka 1859, kilipata umaarufu duniani. Mafundi wa pinde hutumia kanuni hiyo hiyo wanapopinda ncha.

## Historia

Kunyoosha mti kwa moto ni ujuzi wa kale unaopatikana katika mabara mengi, na mara nyingi hutumiwa kwa mishale kama unavyotumiwa kwa pinde.

Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hunyoosha mishale yao kwa njia hiyo. Ufito hubanduliwa gome na kupashwa joto motoni. Kisha mtengenezaji huuma sehemu iliyopinda kwa meno, hukunja ufito kwa mikono, na kuutazama kwa jicho moja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kazi hurudiwa mpaka ufito unyooke.

Katika California, Marekani, wenyeji wa asili walitumia mawe yenye mfuo. Jiwe lilipashwa moto, kisha tete la mshale likasuguliwa na kukandamizwa ndani ya mfuo hadi linyooke. Huko Japani, mafundi wa mishale ya mianzi hupasha mwanzi juu ya makaa na kuunyoosha kwa kijiti chenye mfuo.

Mfano wa upinde unaojulikana vizuri ni ule wa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi wa kaskazini mwa California. Ishi alijitokeza karibu na mji wa Oroville mwaka 1911 na akapelekwa kuishi kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco. Huko daktari mpasuaji Saxton Pope alifanya urafiki naye, akajifunza kwake kupiga mishale na kuandika jinsi alivyotengeneza pinde. Ishi alifariki mwaka 1916, na maelezo ya Pope yalichapishwa mwaka 1918.

Kwa mujibu wa maelezo hayo, Ishi alipendelea mti wa jenasi *Juniperus*, ambayo ndiyo jenasi ya mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki. Alipinda ncha za upinde kuelekea mbele kwa kuzikandamiza juu ya jiwe la moto, akaziacha zipoe zikiwa zimeshikwa katika umbo hilo. Kano za mnyama zilibandikwa mgongoni kwa gundi baadaye, baada ya kazi ya moto kumalizika. Utaratibu huo una sababu, kama inavyoelezwa chini katika sehemu ya pinde zenye gundi.

Mwishoni mwa karne ya 20 utengenezaji wa pinde za mti ulipata wapenzi wapya huko Marekani na Ulaya. Mfululizo wa vitabu *The Traditional Bowyer's Bible*, ulioanza kutolewa mwaka 1992, ulikusanya mbinu za zamani na majaribio mapya. Juzuu ya nne ya mwaka 2008 ina sura ya Marc St. Louis kuhusu kugumisha upinde kwa joto.

## Joto la mvuke

Mvuke hufaa kwa mipindo mikali na kwa mti ambao bado una unyevu. Hewa yenye mvuke haiunguzi mti, kwa kuwa haizidi joto la maji yanayochemka, na huuzuia uso usikauke na kupasuka.

Chombo kinaweza kuwa sanduku refu la mbao linaloingiziwa mvuke kutoka kwenye birika, au sufuria tu iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, ncha ya upinde ikiwa imeingizwa ndani juu ya maji. Mafundi wengine hutumbukiza ncha katika maji yanayochemka.

Kanuni inayotumiwa na maseremala ni saa 1 ya mvuke kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ncha yenye unene wa sentimita 1.2 huhitaji takriban nusu saa. Muda huhesabiwa kuanzia maji yanapochemka sawasawa, si kuanzia sufuria inapowekwa jikoni. Mahali palipoinuka maji huchemka kwa joto dogo zaidi; mjini Nairobi, kwa mfano, huchemka kwa takriban 94 °C, kwa hiyo muda huongezwa kidogo.

Kabla ya kutoa mti kwenye mvuke, kalibu, klampu na vitambaa vya kushikia huwekwa tayari, kwa kuwa mti huanza kukakamaa mara unapotoka. Fundi ana chini ya dakika moja kuukandamiza kwenye kalibu. Ncha inayopindwa sana hufungwa bamba jembamba la chuma upande wa nje ili nyuzi zisiinuke. Baada ya hapo mti huachwa ndani ya kalibu hadi upoe kabisa, na wengi huuacha siku nzima.

Mvuke una kasoro mbili. Huongeza unyevu katika mti, kwa hiyo upinde hauwezi kutumiwa mapema. Pia mpindo wa mvuke huweza kurudi nyuma kidogo, hasa wakati wa mvua, kwa hiyo hupindwa kupita kiasi kinachotakiwa.

## Joto kavu

Joto kavu hufaa kwa mti uliokwisha kukauka vizuri na kwa marekebisho madogo, kama kunyoosha mkono ulioegemea upande. Hutoka kwenye makaa yasiyo na ndimi za moto, au kwenye mashine ya umeme ya kupuliza hewa ya moto.

Sehemu inayotakiwa kupinda hupakwa mafuta ya kupikia au mafuta ya mnyama. Mafuta husaidia kusambaza joto, hupunguza kuungua, na humwonyesha fundi hali ya mti: yakianza kutoa moshi mwingi, moto umezidi. Mti hushikwa umbali wa takriban sentimita 10 hadi 15 na kugeuzwa pande zote. Kwa mkono wa unene wa kawaida, kazi huchukua kati ya dakika 10 na 20 kwa kila mpindo.

Fundi mwenye uzoefu halazimishi mti. Hufunga upinde kwa klampu ili uvutwe kidogo kuelekea upande unaotakiwa, au huning'iniza jiwe kwenye ncha, kisha hupasha moto na kungoja. Joto likifika ndani, mti hutii wenyewe chini ya uzito mdogo. Ukikataa, unahitaji muda zaidi. Nguvu zaidi huuvunja. Mlio wa kukatika ni ishara ya kusimama mara moja.

Mti mbichi haufai kwa joto kavu. Uso wake hukauka na kusinyaa haraka wakati sehemu ya ndani bado imejaa maji, na matokeo yake ni nyufa.

## Aina za marekebisho

### Kupinda upande

Kabla ya kupasha moto, uzi hufungwa kutoka ncha moja hadi nyingine ili kuona ni wapi hasa mpindo unapoanzia. Mara nyingi upinde unaoonekana kupinda kote una mpindo mmoja tu, karibu na mshiko au kwenye kifundo. Mpindo huo ukinyooshwa, mkono wote hurudi katikati.

Upinde hulazwa kwa ubavu na kushikwa mahali patatu: vigingi viwili upande mmoja, na klampu katikati yao upande wa pili. Vipande vya ngozi au mpira huwekwa chini ya klampu, kwa sababu mti uliolainika hubonyea kirahisi. Mti huvutwa kupita kidogo mstari wa katikati, kwa kuwa hurudi kidogo unapofunguliwa.

### Kusokotwa

Mkono uliosokotwa hushikwa kwa jiriwa karibu na mshiko. Ncha hubanwa kati ya vipande viwili vya mbao vilivyofungwa pamoja kama mpini, na uzito huning'inizwa mwishoni mwake. Joto huelekezwa kwenye sehemu iliyosokotwa tu. Ikiwa msokoto umeenea mkono mzima, hupashwa kwa hatua, sentimita 15 hadi 20 kila mara.

### Mpindo wa mbele

Mikono inayopinda kidogo kuelekea shabaha kabla ya kufungwa upote huupa upinde akiba ya nguvu, kwa kuwa huwa imekwisha kukazwa hata kabla ya kuvutwa. Pia hufidia mpindo wa kudumu utakaotokea upinde ukitumiwa. Kiasi cha sentimita 2 hadi 5 kwenye ncha ni cha kawaida. Kikizidi, mkazo wa tumbo na mgongo huongezeka, na upinde hupoteza katika uimara kile ulichopata katika mwendo wa mshale.

### Vifundo

Kifundo hakipiti joto sawa na mti ulio kando yake, na nyuzi zinazokizunguka hutengana kirahisi. Fundi huacha mti wa ziada mahali hapo na kukwepa kuweka mpindo mkali juu yake. Ikibidi, sehemu hiyo hufungwa kwa kamba imara kabla ya kupindwa.

## Kugumisha tumbo

Kugumisha ni kazi tofauti na kupinda. Hapa lengo si kulainisha mti bali kubadilisha hali ya tumbo ili listahimili kubanwa. Upinde hufungwa kwenye kalibu, tumbo likiwa juu, na hewa ya moto au makaa huelekezwa upande huo peke yake. Fundi husogea kidogo kidogo kutoka mshiko hadi ncha, akingoja tumbo liwe na rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Mafuta hayatumiki.

Katika joto la karibu 200 °C, sehemu ya hemiselulosi huvunjika. Kwa kuwa hemiselulosi ndiyo inayovuta maji zaidi, mti uliogumishwa hauchukui tena unyevu mwingi kutoka hewani. Huwa mgumu na hustahimili zaidi kubanwa. Viwanda vya mbao, hasa nchini Ufini, hutumia badiliko hilo hilo kutengeneza mbao za nje ya nyumba kwa kuzipasha kati ya takriban 180 na 215 °C.

Faida hiyo ina gharama. Mti uliopashwa hivyo hustahimili kuvutwa kwa kiasi kidogo zaidi na huwa mwepesi wa kukatika. Tumbo hubanwa tu, kwa hiyo halipati hasara hiyo. Mgongo huvutwa, kwa hiyo ukigumishwa hudhoofika pale pale unapohitaji nguvu. Ndiyo maana joto halipaswi kupenya hadi mgongoni. Kipimo rahisi ni mkono: mgongo unapokuwa wa moto kiasi cha kutoweza kuguswa, kazi husimamishwa kwa muda.

Miti inayonufaika zaidi ni ile yenye rangi nyeupe na yenye kuvutika vizuri lakini dhaifu katika kubanwa, kama *Ulmus*, *Carya* na *Fraxinus*. Mti wa *Maclura pomifera* wa Texas, Oklahoma na Arkansas, ambao ni wa familia moja na mforsadi, ni mgumu tayari na huhitaji kugumishwa kidogo tu. Hata hivyo hukua ukiwa umepinda sana, na huitikia vizuri joto kavu la kunyoosha. Wafaransa waliufahamu kwa jina la *bois d'arc*, yaani "mti wa upinde".

## Kupumzisha upinde

Hatua hii ndiyo hurukwa mara nyingi zaidi. Mti uliotoka kwenye moto huonekana tayari: umepoa, umenyooka, na ni mgumu mkononi. Lakini unyevu wake haujatulia.

Upinde mzuri wa mti huwa na unyevu wa takriban asilimia 8 hadi 10 ya uzito wa mti mkavu. Baada ya mvuke kiasi hicho kimepita, na upinde ukivutwa tumbo hukunjamana na mpindo wa kudumu hutokea. Baada ya joto kavu hali ni kinyume: sehemu iliyopashwa imekauka mno, na mti mkavu mno hukatika ghafla. Katika hali zote mbili dawa ni muda. Upinde uliopashwa kwa joto kavu huachwa siku kadhaa mahali penye kivuli na hewa, na ule wa mvuke huachwa wiki moja au zaidi.

Mizani huondoa kubahatisha. Upinde hupimwa kila siku kwa saa ile ile. Uzito ukiendelea kupungua, maji bado yanatoka. Ukiongezeka, mti unarudisha unyevu kutoka hewani. Uzito ukitulia kwa siku kadhaa, mti umelingana na hewa ya mahali hapo.

Hewa yenyewe hutofautiana. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50, mti hutulia kwenye takriban asilimia 9. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida pwani ya Afrika Mashariki, hutulia kwenye takriban asilimia 16. Mahali pa namna hiyo upinde huhifadhiwa ndani, mbali na sakafu, na hupakwa vanishi au mafuta mara kazi ya moto inapomalizika.

Baada ya kupumzika, upinde hauvutwi hadi mwisho kwa mara moja. Huvutwa kidogo mara nyingi, huku mikono ikitazamwa kama inajikunja sawa, kwa kuwa kila badiliko la umbo hubadilisha pia mgawanyo wa mkazo.

## Pinde zenye gundi

Gundi ya ngozi, kano au samaki hulainika kwa joto dogo sana kuliko lignini, karibu 60 °C. Upinde wenye kano mgongoni ukipashwa kama upinde wa mti mtupu, kano hubanduka. Kwa hiyo kunyoosha, kupinda na kugumisha hufanywa kabla ya kubandika, kama alivyofanya Ishi.

Upinde wa Korea uitwao *gakgung*, uliotengenezwa kwa pembe ya nyati-maji, mwanzi na kano, hupashwa moto pia, lakini kwa kiasi cha vuguvugu tu. Mpiga mshale huupasha kabla ya kuufunga upote ili kuondoa unyevu na kurekebisha mikono iliyoegemea upande. Hapa joto hulainisha gundi na pembe kidogo bila kuzitenganisha.

## Dalili za kasoro na hatari

Mikunjo midogo inayokatiza tumbo kwa upana huonyesha nyuzi zilizokunjamana kwa kubanwa. Husababishwa na unyevu mwingi au na mahali pamoja panapojikunja kupita pengine, na mara nyingi haiponi. Kibanzi kinachoinuka mgongoni ni dalili ya hatari zaidi, na upinde wenye dalili hiyo hauvutwi hadi urekebishwe. Mti uliogeuka mweusi na kusagika kwa ukucha umeungua, na sehemu hiyo huondolewa kwa tupa ikiwa unene unaruhusu.

Upinde unaovunjika ukiwa umevutwa hurusha vipande karibu na uso wa mtu, kwa hiyo jaribio la kwanza baada ya kazi ya moto hufanywa ukiwa umefungwa kwenye ubao, na kamba ikivutwa kutoka mbali.

Kazi hufanywa mahali penye hewa ya kutosha. Baadhi ya miti ina sumu. *Taxus baccata*, uliotumiwa kwa pinde ndefu za Uingereza, una sumu ya taksini karibu katika sehemu zake zote, na vumbi lake halipaswi kuvutwa puani. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kukausha kama ya kitani huweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa, kwa hiyo hutandazwa nje vikauke.

## Tazama pia

- Upinde
- Mshale
- Useremala
- Lignini
- Wahadza